Mbwa anabweka mchana na usiku: tafuta sababu kwanza, kisha uchague kola

Wengi wetu hapa Nairobi huanza kuulizia kola ya kuzuia kubweka siku jirani anapochoka kuvumilia. Ujumbe unaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti: "Jirani, jana hatukulala kwa sababu ya mbwa wako." Msimamizi anabisha mlango, na jioni hiyo hiyo mwenye mbwa yuko kwenye simu akitafuta kola ya kuagiza. Kesho yake bodaboda anaileta, mbwa anavishwa, na baada ya wiki mbili maswali yanaanza. Mbona haifanyi kazi? Mbona shingo ina kidonda? Mbona mbwa amejificha chini ya meza na hataki kula?

Nimepanga mwongozo huu kwa kufuata maswali hayo. Kwanza ni dalili za mbwa mwenyewe, kwa sababu kola hutambua mlio tu; haijui kama mbwa anabweka kwa kuchoshwa na upweke, kwa hofu au kwa maumivu. Baadaye ni hitilafu za kola. Katika kila dalili nimeanza na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi na kumalizia na ile ya nadra. Ukiona neno "Simama", tafadhali simama kweli. Hapo ndipo mbwa huumia.

Jambo moja kabla hatujaendelea: usitafute mbwa bubu. Watu wengi mjini wanafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, na mbwa anayebweka mara tatu nne mtu akigusa geti, kisha akanyamaza, anafanya kazi yake vizuri. Wa kushughulikiwa ni yule anayeendelea nusu saa baada ya mtu kwenda zake.

Kola zenyewe ni za aina gani

Zinazouzwa ni za aina nne, ingawa nyingi huchanganya mbili au tatu katika kifaa kimoja.

Ya mtetemo hutikisika shingoni kama simu iliyozimwa sauti. Haiumizi, lakini mbwa mwoga huweza kuiogopa sana.

Ya harufu hurusha tone la mvuke wa sitronela, mafuta yenye harufu inayokaribia ya mchaichai, mbele ya pua ya mbwa. Harufu hiyo humkera na mlio wa mvuke humshtua kidogo, basi anakatiza kubweka. Utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1996 ulilinganisha kola hii na ya shoti kwa mbwa wachache, na wenye mbwa waliridhika zaidi na ya harufu. Udhaifu wake ni kwamba mafuta huisha na lazima uwe na mahali pa kuyanunua tena. Ulizia mafuta ya kujazia kabla hujalipia kola.

Ya sauti hutoa mlio mwembamba ambao binadamu hausikii. Sisi husikia hadi takriban hezi 20,000, mbwa hufika karibu 45,000. Sishauri kola hii kwenye fleti, kwa maana mbwa wa jirani ambaye hana kosa lolote naye anausikia, na mbwa mzee aliyepoteza usikivu hausikii kabisa.

Ya shoti hupitisha umeme mdogo kati ya pini mbili za chuma zinazogusa ngozi ya koo. Hii mimi siipendekezi kwa mtu wa kawaida. Wales iliipiga marufuku mwaka 2010, na chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo wake mwaka 2021 kwamba mbwa wafundishwe kwa kutuzwa, si kwa kuumizwa. Kwetu Kenya, sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, haimsamehe mtu kwa kusema jirani alikuwa analalamika.

Kola yoyote kati ya hizi haifai mbwa aliye chini ya miezi sita, mbwa mgonjwa, mbwa mwenye mimba, wala mbwa mkali kwa watu.

Dalili: anabwekea kila anayepita getini

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko, na habari njema ni kwamba mara nyingi haihitaji kola.

Sababu ya kwanza ni kwamba mbwa anaona barabara. Nyumba nyingi za Buruburu, Donholm, Kasarani na Lang'ata zina geti la vyuma lenye mapengo, na kibanda cha mbwa kimejengwa hatua chache tu kutoka hapo ili "aone wezi". Kuanzia asubuhi anapita mwanafunzi, mama wa mboga, bodaboda, mkokoteni wa taka, msomaji wa mita. Kila mmoja anabwekewa, na kila mmoja anaondoka. Sisi tunajua walikuwa wanapita tu. Mbwa kwa upande wake anaona amewafukuza, na kesho atabweka kwa bidii zaidi kwa sababu njia hiyo imefaulu kila siku.

Jaribio la kwanza halina gharama kubwa: ziba mapengo ya geti kwa mabati au neti ya kivuli, kuanzia chini hadi juu ya kimo cha mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma. Acha siku tatu, usibadilishe kitu kingine chochote. Kubweka kukipungua, umeshapata sababu. Hatua inayofuata ni kuhamisha kibanda kiende nyuma au ubavuni mwa nyumba. Fundi wa jua kali anaweza kukihamisha kwa nusu siku.

Sababu ya pili ni kufungiwa. Desturi ya mbwa kukaa kwenye kibanda tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku unapoingia ina gharama, kwa kuwa mnyama mwenye nguvu za kukimbia kilomita nyingi hana kitu cha kufanya ila kubweka. Mtembeze asubuhi kabla ya kazi, hata kwa nusu saa, akiwa kwenye kamba. Wanaokaa karibu na msitu wa Karura wanaweza kumpeleka huko, mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba. Kisha mpe cha kumshughulisha akiwa kibandani: mpira mgumu wenye tundu, uujaze ugali uliochanganywa na omena, uugandishe kwenye friji usiku. Atautafuna na kuulamba asubuhi nzima. Usimpe mifupa iliyopikwa, huvunjika vipande vikali vya kukwama kooni na kutoboa utumbo.

Sababu ya tatu ni kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kunyamaza. Mwache abweke mara mbili tatu, mwite kwa neno moja utakalotumia daima ("basi" inatosha), na akigeuka tu kukutazama mpe kipande cha ini lililochemshwa. Watu wa nyumbani wote watumie neno hilo hilo, pamoja na dada wa kazi na askari. Usimpigie kelele. Kwake kelele zako ni kama unabweka pamoja naye.

Ya nne, iliyo nadra zaidi, ni hofu ya watu. Mbwa huyu hubweka huku akirudi nyuma, mkia umebanwa chini, masikio yamelala. Hapa kola ya aina yoyote itamthibitishia kwamba wageni huleta maumivu. Simama, tafuta mtaalamu.

Ikiwa umeziba geti, umemtembeza, umemfundisha kwa wiki kadhaa na bado anazidisha, hapo kola ya mtetemo au ya harufu inaweza kusaidia. Mvishe ukiwepo nyumbani, muda mfupi kila mara, na uendelee kumtuza anaponyamaza.

Dalili: ananyamaza ukiwepo, anabweka ukitoka

Hii ni kesi ya fleti. Wewe huisikii, unaambiwa tu. Kabla hujabishana na jirani, acha simu ya zamani ikirekodi video ikielekea mlangoni, kisha uondoke kama kawaida kwa saa moja.

Angalia video hiyo kwa makini. Mbwa aliyechoshwa na upweke hubweka, hunyamaza, hulala kidogo, husikia hatua kwenye ngazi, hubweka tena. Huyu anatibika kwa matembezi ya asubuhi, mpira wa ugali niliousema, pazia la dirisha la koridoni, na redio iliyowashwa kwa sauti ya chini kufunika nyayo na milango ya majirani.

Mbwa mwenye hofu ya kuachwa ni tofauti kabisa. Anaanza dakika chache baada ya mlango kufungwa. Anazunguka bila kutulia, anahema, mate yanamtoka, anakwaruza kizingiti cha mlango hadi kucha zinatoka damu, anakojoa ndani ingawa anajua kujizuia. Chakula ulichomwachia hakigusi mpaka urudi.

Simama. Huyu asivishwe kola yoyote, hata ya mtetemo. Kumwongezea kitisho mnyama ambaye tayari ameingiwa na kiwewe ni kumtesa, na kiwewe hicho kitatokea mahali pengine: atajitafuna miguu au atajaribu kuruka kutoka balkoni. Tiba yake ni kumzoesha kuachwa kidogo kidogo. Toka sekunde kadhaa, urudi kabla hajaanza kulia, ongeza muda polepole kwa wiki nyingi. Katika kipindi hicho asiachwe peke yake muda mrefu; omba ndugu au rafiki akae naye. Kesi nzito huhitaji dawa ya kupunguza wasiwasi, na hiyo huandikwa na daktari wa mifugo baada ya kumpima. Usimpe dawa zako za usingizi wala za maumivu, nyingi ni sumu kwa mbwa.

Dalili: anabweka usiku

Anza na kilicho nje. Mbwa mmoja wa mtaa akianza, wengine wote hujibu, na wako akiwa uani ataingia kwenye mnyororo huo. Mlaze ndani, hata jikoni au kwenye veranda iliyofungwa, kwa usiku tatu. Akilala vizuri, umepata jibu. Wengi huniambia "lakini ni mbwa wa ulinzi"; mbwa aliyelala ndani husikia mlango ukiguswa vizuri tu, tena ni vigumu zaidi kwa mwizi kumrushia nyama yenye sumu.

Sababu nyingine ni panya na paka kwenye paa au kwenye pipa la taka, baridi ya Juni hadi Agosti kwa mbwa anayelala kwenye sakafu ya saruji bila gunia wala blanketi, na mbwa aliyelala mchana kutwa kibandani ambaye sasa ndiyo kwanza amefunguliwa. Wanaobweka alfajiri peke yake mara nyingi wameamshwa na ndege wa kwarara wanaopita juu ya mabati wakipiga makelele. Huyo mlaze ndani hadi jua litoke, hakuna zaidi.

Fataki ni jambo la peke yake. Wakati wa Diwali maeneo ya Parklands na Westlands, na usiku wa mwaka mpya jiji zima, mvue mbwa kola ya kuzuia kubweka kabisa, mfungie chumba cha ndani chenye pazia. Kama miaka iliyopita alivunja mlango au kutoroka, mwone daktari wiki mbili kabla.

Dalili: alikuwa mtulivu, ghafla amebadilika

Usinunue kola. Mbwa aliyeishi miaka mitano bila makelele na sasa analia kila saa anakuambia kuna kitu.

Kagua masikio: harufu mbaya, uchafu mweusi, anatikisa kichwa. Pitisha vidole katikati ya kucha, ndani ya masikio na chini ya mkia utafute kupe. Homa ya kupe ni ya kawaida hapa Nairobi na mwenye nayo huwa mnyonge, hataki kula, fizi zimepauka. Mguse mgongo na nyonga taratibu uone kama anajikunja. Akiwa mzee, anasimama kwenye kona akiutazama ukuta na kubweka usiku bila sababu, huenda akili imeanza kuchoka kwa uzee; daktari anaweza kumsaidia.

Simama hapa kwa tahadhari kubwa: mlio ukibadilika ukawa wa kukwaruza, mbwa akadondosha mate, akashindwa kumeza, akauma hewa au vitu bila sababu, au mbwa mkali akawa mpole kupita kiasi, fikiria kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Mfungie peke yake bila kumgusa, watoto wakae mbali, piga simu kwa daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Na kama aliyekuwa akibweka amenyamaza ghafla usiku, anatetemeka na kutoa povu, huenda ni sumu. Mkimbize kwa daktari, na uwatahadharishe majirani na askari, kwani wezi hutanguliza sumu.

Dalili: anakubwekea wewe mwenyewe

Anataka chakula au kucheza, na amegundua kwamba akibweka unampa. Mgeuzie mgongo, usimtazame, na umpe anachotaka akiwa amenyamaza tu. Siku za mwanzo atazidisha kabla ya kuacha. Ukishindwa katikati ukampa, umemfundisha kubweka kwa muda mrefu zaidi.

Hitilafu: kola haiwaki mbwa akibweka

Hakikisha imechajiwa, taa ya kijani haimaanishi betri ni nzima, nyingi za bei ya chini hujaa haraka na kuisha haraka. Angalia iko kwenye modi gani, kwa maana kubonyeza mara moja bila kukusudia huihamisha. Kiwango cha usikivu mara nyingi huandikwa kwa namba. Kipandishe hatua moja moja. Kama ni ya harufu, tingisha usikie kama mafuta yapo.

Baada ya hapo angalia inavyokaa. Kitambuzi lazima kikae mbele ya koo, juu karibu na taya, si pembeni wala chini kifuani. Kola nyingi huteleza na kuzunguka. Kidole kimoja kipite kati ya kifaa na shingo, kisipite kiganja.

Japanese Spitz ndiye mbwa ambaye kola humshinda kuliko wote, na mji huu umejaa wao. Ukimtazama shingoni unaona weupe mtupu. Tenganisha manyoya kwa vidole viwili, utakuta tabaka la juu refu, chini yake tabaka jingine laini lililoshikana kama pamba, na ngozi ya waridi iko ndani kabisa. Pini za kifaa zimesimama juu ya pamba hiyo. Hazijawahi kugusa ngozi tangu siku ya kwanza. Mwenye mbwa anadhani kola ni mbovu, anaikaza tundu mbili zaidi, na sasa mbwa anakohoa. Usikaze. Tenga manyoya, tumia pini ndefu zilizokuja kwenye boksi, au achana na kola ya pini uchukue ya harufu ambayo haihitaji kugusa ngozi. Usinyoe duara la shingo, ngozi tupu huchubuka haraka zaidi.

Ya mwisho ni maji. Kola iliyoandikwa IP67 inastahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, ila kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kiwe kimefungwa. Kikilegea, mvua ya Aprili inaingia. Ukiona kutu au unyevu ndani, usiichaji. Betri ya lithiamu iliyovimba au inayopata joto hutolewa nje ya nyumba, haifunguliwi na kisu.

Hitilafu: inawaka bila yeye kubweka

Hii ni mbaya kuliko kola iliyokufa, kwa kuwa mbwa anaadhibiwa kwa kosa la mwingine na hajui la kufanya ili iishe.

Mara nyingi ni kola inayotegemea maikrofoni peke yake. Mbwa wa jirani anabweka, wako anapigwa. Ivue, iweke kwenye mtetemo, uishike mkononi na uchezeshe mlio wa mbwa kutoka kwenye simu ukiwa umbali wa hatua kadhaa. Ikiwaka, haifai kwenye fleti wala mtaa wenye mbwa wengi. Chagua inayohitaji vitu viwili kwa pamoja: sauti na mtikisiko wa koo. Hili ndilo jambo la kwanza la kusoma kwenye maelezo ya bidhaa kabla ya bei.

Kama si hivyo, punguza usikivu, ondoa kibati cha jina kinachogonga kifaa, na umtazame anapokula, anapokunywa maji na anapojikuna. Kola inayowaka anapokunywa maji itamfanya aache kunywa. Ukishashusha usikivu hadi chini kabisa na bado inawaka, simama. Irudishe dukani.

Hitilafu: ilifanya kazi wiki ya kwanza tu

Mbwa ameizoea. Sababu nyingine ni kwamba amejua tofauti: kola ikiwa shingoni ananyamaza, ikivuliwa anafidia. Wengi hapa huongeza nguvu hatua baada ya hatua hadi mwisho. Usifanye hivyo. Kuzoea ni ishara kwamba sababu ya kubweka haijaguswa. Rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu, na kola iwe ya kuvaliwa siku baadhi tu, sambamba na mafunzo.

Hitilafu: ikiwaka anabweka zaidi

Kola inamshtua, analia, kilio kinaiwasha tena, analia tena. Mbwa anaweza kuzunguka kwenye mduara huo hadi achoke. Kola nzuri hujizima yenyewe kwa muda baada ya kuwaka mara kadhaa mfululizo. Zisizo na kinga hiyo zisinunuliwe. Ivue papo hapo, usisubiri azoee.

Hitilafu: shingo ina vidonda

Watu husema "imemchoma na stima". Mara nyingi si umeme. Ni pini zilizokandamiza mahali pamoja saa nyingi hadi damu ikashindwa kupita na ngozi ikaanza kufa, na kola ya mtetemo yenye pini huleta kidonda kile kile. Nyingine husababishwa na ngozi iliyobaki na unyevu baada ya mvua au kuoshwa, na wachache wana mzio wa chuma cha pini.

Kola isikae zaidi ya saa nane kwa siku, isilaliwe nayo usiku, ivuliwe kila baada ya saa mbili uikague ngozi. Futa pini na shingo kwa kitambaa chenye maji, kausha. Kamba ya kutembezea usiifunge kwenye kola hii hata siku moja. Ukivuta, pini huzama. Mvalishe mkanda mwingine wa kamba.

Wekundu tu, vua na upumzishe shingo hadi upone kabisa. Simama uende kwa daktari ukiona shimo, usaha, harufu, funza, au uvimbe. Usipake oili chafu wala majivu.

Hitilafu: mbwa amenyongea, au amekuwa mkali

Hakaribii geti, hakaribii bakuli lililo karibu na mahali kola iliwaka, anajificha ukishika kifaa. Au amemuuma mtoto aliyekuwa amesimama kando yake wakati wa shoti, kwa sababu ameyahusisha maumivu na mtoto huyo. Simama. Kola iondoke nyumbani siku hiyo, na mbwa asiachwe na watoto hadi aonwe na mtaalamu.

Wa kumwita

Anza na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo nchini. Una haki ya kuuliza namba yake ya usajili. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo Upper Kabete, na shirika la kutetea wanyama la KSPCA liko Karen, hupokea pia taarifa za mbwa wanaoteswa. Kuhusu wanaojiita wakufunzi, muulize swali moja kabla ya kulipa: "Mbwa akikosea, utamfanyaje?" Akijibu kwa kutaja fimbo au shoti, shukuru uondoke.

Nenda na video ya mbwa akibweka, karatasi yenye saa anazoanza na kunyamaza kwa wiki moja, kadi yake ya chanjo, na kola yenyewe kama ulishamvisha. Jirani naye mwambie unachofanya na itachukua muda gani. Mpe namba yako akutumie ujumbe kila mbwa anapoanza. Saa alizoandika yeye zitakusaidia kuliko unachokumbuka wewe uliyekuwa kazini.